Bendera Iliyogoma Katikati

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa mezani na kile kisanduku cha kuendesha vifaa vya nyumbani, kidole changu kikiwa juu ya maneno "Ruhusu yote". Wasomaji kadhaa wameniandikia kunisihi nisibonyeze. Mmoja wa kule Viborg anasema yeye alibonyeza, na mpaka leo friji yake inamsalimia kila akipita. Asanteni, wapenzi, ila barua zenu zimechelewa. Nilibonyeza.

Kwa aliyeungana nasi leo: naitwa Vibeke, nina miaka hamsini na sita, na nilikuwa dereva wa basi mpaka bega liliponisaliti. Mume wangu Preben aliniacha miaka mitatu iliyopita akahamia Hispania na mwalimu wake wa dansi. Aliondoka na gari jipya, mbwa na mashine ya kahawa. Akamsahau mama yake kwangu.

Huyo mama ni Bi Dagny, na ndiye faida pekee niliyoipata katika ndoa ile.

Kiangazi chote mimi na yeye tunaishi bustani namba kumi na saba katika chama cha bustani cha Lærkelyst, nje kidogo ya mji wa Randers. Tuna kibanda cha mbao cha vyumba viwili, viazi, stroberi na mlingoti wa bendera. Kwenye karatasi bustani ni ya Mama. Akifa, ni ya mwanawe, na mwanawe alishasema mikono yake haipatani na udongo. Asipoitaka, inakwenda kwa mtu wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri, na orodha hiyo ina watu wa kujaza kanisa.

Mkwe aliyepewa talaka hayumo. Nimelima udongo ule miaka ishirini na miwili, na kwenye daftari la chama mimi ni mgeni.

Ndiyo maana Jumamosi ile ilikuwa roho yangu. Mama alikuwa anatimiza miaka tisini, na saa nane mchana mwenyekiti wa chama, Svend-Aage, angekuja na fomu. Mama atie sahihi kwa mkono wake mwenyewe mbele yake, nami niandikwe mwanachama mwenza mpaka nife. Ni sahihi moja tu.

Kulikuwa na sharti. Svend-Aage ni mtu mwema, lakini ana ugonjwa wa bendera. Ukiiacha juu baada ya jua kuzama, anakuandikia barua. Mimi nilikuwa nazo tatu, maana jioni bega langu haliwezi kuvuta kamba.

"Ya nne, Vibeke," aliniambia, "na fomu sileti. Chama hakiwezi kumpa bustani mtu asiyejua jua linazama saa ngapi."

Sasa mnaelewa kwa nini Mama aliposhinda kile kisanduku cha nyumba janja kwenye bahati nasibu ya klabu ya wazee, niliona mbingu zimefunguka. Nilinunua mota ya mlingoti. Nikanunua kengele ya mlango yenye spika, taa za kusikia amri na mota ya mapazia. Vyote nikaviunga kwenye kisanduku, na kisanduku nikakiunga kwenye ile huduma ya mtandaoni, ambayo kazi yake ni moja: likitokea hili, inafanya lile.

Huduma yenyewe ina jina la kizungumkuti. Mimi na Mama tuliiita Karani.

"Huyu Karani anakaa wapi?" Mama aliuliza.

"Mtandaoni."

"Anakula nini?"

"Taarifa zetu, Mama."

"Basi atakufa njaa. Sisi hatuna taarifa."

Jioni nzima tulimpa Karani amri, tukicheka kama wasichana. Jua likizama, shusha bendera. Hiyo ilikuwa ya Svend-Aage. Upepo ukiwa mkali, shusha bendera. Hiyo niliiongeza mwenyewe kwa kujifanya mjuzi. Siku ya kuzaliwa Mama, kuanzia saa tatu asubuhi, bendera ikiwa chini, ipandishe. Na saa nane kamili, fungua mapazia, washa taa zote, piga wimbo wa kuzaliwa kwa sauti ya juu.

"Na mlango?" Mama akauliza.

"Mlango vipi?"

"Mtu akibonyeza kengele, nimsemeshe mimi. Nitie sauti."

Nikamrekodi ndani ya kengele yenyewe. Akasafisha koo, akainua kidevu, akasema: "Ingieni, ingieni. Kahawa ipo. Panguseni viatu." Alisikiliza mara tano na kila mara akajisifu.

Sijawahi kumwona na furaha ile tangu arudi kutoka Hispania mwezi Machi. Alikwenda kwa Preben wiki mbili ili magoti yake yapate jua, akarudi na pua iliyobabuka na maneno machache. Nilipomuuliza habari za huko alisema machungwa ni matamu, akaishia hapo.

Jumamosi ikafika. Saa mbili unusu nikamtia Mama kwenye kigari changu kikuukuu, tukaenda mjini. Yeye saluni, mimi kwa mwoka mikate kuchukua keki.

Mtauliza kwa nini sikuipandisha bendera kwa mkono kabla ya kutoka. Ni majivuno, wapenzi. Nilitaka ipande yenyewe, Svend-Aage akiwa kwenye ngazi yake anapunguza ua, mdomo wazi.

Saa tatu kamili simu ikalia mfukoni. "Bendera imepanda."

Nilimwonyesha mwoka mikate. Nilimwonyesha na bibi aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyefaulu mtihani.

Simu ikalia tena. "Bendera imeshuka."

Halafu: "Bendera imepanda."

Halafu: "Bendera imeshuka."

"Ni kawaida hiyo?" akauliza yule bibi.

"Inajizoesha," nikamwambia.

Ujinga wangu ulikuwa mtupu, nakiri. Upepo ulikuwa umeamka, amri ya upepo ikashusha. Bendera ikiwa chini siku ya kuzaliwa Mama, amri ya kuzaliwa ikapandisha. Karani hana akili ya kuuliza nani mkubwa kati ya upepo na Mama. Aliwatii wote wawili mara kumi na moja, huku mwoka mikate akiandika "Dagny 90" kwa krimu, mimi nikihesabu milio na kucheka peke yangu.

Mlio wa mwisho ulisema: "Mota imepata moto. Inapumzika."

Maskini, ipumzike, nikafikiri. Sikujiuliza imepumzikia wapi.

Kwetu bendera iliyosimama nusu mlingoti ina maana moja tu, hata mtoto wa chekechea anaijua. Nyumba hiyo ina msiba. Na majirani wenye adabu wakiiona, nao hushusha za kwao nusu, bila kuuliza. Kuuliza ni utovu wa heshima.

Nilikuwa bado nangoja Mama atolewe kwenye kikausha nywele, Jonna wa namba kumi na nane akapiga simu. Ni jirani yangu na shoga yangu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia.

"Vibeke. Uko wapi, mpenzi wangu?"

"Mjini. Nimechukua keki."

"Keki?"

"Keki si lazima? Watu watakuja."

"Watakuja, ndiyo. Wameshakuja." Akavuta kamasi. "Una moyo wewe. Mimi nisingeweza. Usikimbize gari, sawa? Sisi tunapanga viti."

Akakata. Nikafikiri: Jonna huyu, siku ya furaha analia hivi, siku ya msiba atafanya nini.

Saa saba na robo tukaingia njia ya Lærkelyst. Mama alikuwa na nywele mpya nyeupe zilizojaa hewa, ameshika keki mapajani. Akawa wa kwanza kuona.

"Punguza mwendo," akasema. "Nani kafa?"

Bendera zote zilikuwa nusu. Kushoto, kulia, mpaka mwisho wa njia, milingoti arobaini na kitu.

"Atakuwa Egon wa namba tisa," Mama akasema. "Juzi rangi yake sikuipenda."

"Mama, usiseme hivyo."

"Sisemi kwa ubaya. Aliniibia kwenye karata mwaka jana, nimeshamsamehe. Nimemsamehe sasa hivi."

Tukapita namba tisa. Egon alikuwa amesimama kwenye lango lake, mzima, amevaa koti jeusi, anafuta pua. Aliliona gari langu, akainamisha kichwa kwa heshima. Hakuangalia kiti cha pembeni.

"Si Egon," Mama akasema, kwa masikitiko kidogo.

Tukafika kona yetu. Mlingoti wetu ulionekana juu ya ua, na bendera imening'inia katikati.

Nikasimamisha gari.

"Ni kwetu," akasema Mama.

"Ndiyo."

"Kwetu tuko wawili."

"Ndiyo, Mama."

Akanitazama kwa makini, juu mpaka chini. "Wewe hujafa," akasema.

"Na wewe pia."

Hapo ndipo alipoanza. Kwanza mabega, halafu keki mapajani, halafu gari zima likawa linatikisika. Alicheka mpaka machozi yakamharibia poda ya saluni, nami nikacheka naye, maana nilikwisha kumbuka ule ujumbe wa mota. Nikatoa simu haraka nipandishe bendera. Karani akaniandikia: "Muunganisho umekatika. Tafadhali ingiza upya neno la siri." Neno la siri lilikuwa kwenye karatasi, karatasi ilikuwa kwenye mlango wa friji, na friji ilikuwa upande wa pili wa watu thelathini waliovaa nyeusi kwenye nyasi zangu.

"Nateremka nawaambia," nikasema.

Mama akanikamata mkono. Kwa mtu wa miaka tisini ana vidole vya fundi bomba.

"Utawaambia nini?"

"Kwamba uko hai."

"Haraka ya nini? Saa nane bado. Nitakuwa hai tu."

"Mama, Svend-Aage yuko pale na fomu."

"Na atakuwepo saa nane. Sikiliza, Vibeke. Miaka hamsini nakaa na watu hawa. Wananiambia 'habari za asubuhi' na 'ua wako mrefu', basi. Leo wamekuja kusema ukweli. Mtu gani aliwahi kupata nafasi hii akiwa na nywele nzuri hivi?"

Ningemkatalia. Nawaapia nilifungua mdomo nikatae. Lakini ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, na macho yake yalikuwa yanawaka.

Tukapita njia ya nyuma, kwenye rundo la mboji, yeye ameinua sketi, mimi nimeinua keki. Nikamwingiza kwa mlango wa jikoni na kumkalisha kwenye kiti chake karibu na dirisha kubwa, nyuma ya mapazia yaliyofungwa. Dirisha nikaliacha wazi kidogo.

"Nikigonga kioo mara moja," akanong'ona, "maana yake nimesikia na inanipendeza. Nikigonga mara mbili, huyo ni mwongo."

Nikakimbilia friji. Karatasi ya neno la siri haikuwepo. Palikuwa na sumaku yake tu. Nikakumbuka kwamba asubuhi niliandikia nyuma yake oda ya keki na kumpa mwoka mikate.

Ikabidi nitoke na keki yangu.

Svend-Aage alinipokea kwenye ngazi, tai nyeusi, fomu imekunjwa mfukoni. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Vibeke. Usiseme kitu."

"Mwenyekiti, kuna jambo lazima..."

"Usiseme. Tumeiona bendera. Umeiweka sawasawa kabisa, katikati barabara. Nimekosea kukuandikia zile barua."

Nilifungua mdomo tena, Jonna akanikumbatia, keki ikiwa katikati yetu. Kila nilipotaka kusema nilipata kifua cha mtu usoni. Watu wa kwetu hawakumbatiani ovyo, hivyo wakianza hawajui pa kuachia.

Halafu wakaanza kumsifu marehemu. Egon alisema Bi Dagny alikuwa mcheza karata bora kuliko wote. Kioo kikagongwa mara moja. Egon akaongeza kwamba hajawahi kumwibia hata siku moja. Kikagongwa mara mbili.

"Mnasikia?" akauliza Jonna.

"Mbao," nikasema. "Zinatanuka na jua."

Jonna alisema alikuwa mkali, lakini mwaka ule mumewe alipolazwa, Bi Dagny alimletea chakula kila siku bila kusema neno. Kioo hakikugongwa. Nilisikia mtu anapenga kamasi taratibu nyuma ya pazia.

Svend-Aage naye akasimama, akakohoa. "Nina mzigo rohoni," akasema. "Mti wake wa cheri uliokauka mwaka ule. Haukukauka. Ulikuwa unatia kivuli kwenye nyanya zangu. Niliutilia chumvi."

Nyuma ya dirisha kikatoka kishindo, kama mtu amepiga kioo kwa kiatu.

"Jua kali kweli leo," akasema Egon.

Mimi nilikuwa nauma ulimi nisicheke. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya kujua jambo ambalo wenzako hawajui. Nikaangalia saa. Ilikuwa saa nane kasoro robo. Nikajiambia: hebu sasa niwaambie, tucheke wote, Mama atie sahihi, tule keki.

Svend-Aage akanivuta pembeni kabla sijaanza. Akaitoa ile fomu.

"Hii, unaelewa," akasema, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. "Marehemu hatii sahihi. Ningekuwa na uwezo... lakini kanuni ni kanuni. Preben hataki bustani, kwa hiyo Jumatatu nampigia wa kwanza kwenye orodha. Chukua stroberi zako zote, mwezi mzima nakupa."

"Svend-Aage," nikamwambia, "Mama hajafa."

Akanipiga piga begani, lile bovu. "Najua. Katika mioyo yetu."

"Siyo mioyoni. Yuko pale nyuma ya pazia."

Akamtazama Jonna. Jonna akatikisa kichwa polepole, akaniletea kiti na kikombe cha kahawa chenye vijiko vinne vya sukari.

Wakati huohuo kengele ya mlango ikalia.

Na sauti ya Bi Dagny, safi, yenye kidevu juu, ikatoka kwenye spika na kujaa bustani nzima: "Ingieni, ingieni. Kahawa ipo. Panguseni viatu."

Sitasahau siku zote za maisha yangu. Watu thelathini walikauka. Jonna aliachia sinia. Halafu, mmoja baada ya mwingine, bila kusema neno, wote wakaangalia chini na kuanza kupangusa viatu vyao kwenye nyasi. Svend-Aage alipangusa vyake mara mbili.

Nikaangua kicheko. Nilicheka nikaketi, nikacheka tena, na nadhani walifikiri akili imenitoka.

Kicheko kilikatika nilipoona nani amebonyeza kengele.

Preben aliingia kwa lango la pembeni, mweusi wa jua, shati jeupe, maua mkono mmoja na zawadi ya karatasi ya kumetameta mkono mwingine. Alikuwa amekuja kumshtukiza mama yake. Akaitazama bendera. Akazitazama tai nyeusi.

"Hapana," akasema. "Jamani, hapana."

Nawaambia ukweli ingawa simpendi: alilia. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia na zawadi yake magotini, nami nikamwonea huruma, jambo ambalo sikulitegemea.

"Preben, sikiliza," nikasema. "Kuna kosa. Mama..."

"Najua unataka kusema nini." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Usiogope, Vibeke. Sikufukuzi leo. Kaa mpaka Septemba, uvune viazi vyako."

"Kunifukuza wapi?"

"Hapa." Akatoa bahasha kwenye mfuko wa ndani. "Nilitaka tuzungumze baada ya keki. Nimebadili mawazo kuhusu bustani. Mama aliniandikia yote kwa jina langu. Mwezi Machi, kule kwangu, mbele ya wakili."

Svend-Aage alivaa miwani. Alisoma karatasi mpaka chini, akairudia.

"Ni sahihi yake," akasema polepole. "Naijua ile 'D'. Nimepokea barua zake za malalamiko miaka thelathini."

Nikageuka kuangalia dirisha.

Nilingoja kioo kigongwe mara mbili. Huyo ni mwongo, ndivyo tulivyokubaliana. Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba nilikwisha kuanza kutabasamu.

Kioo hakikugongwa.

"Mama?" nikasema, kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu wote.

Upepo ulikuwa umetulia. Nilisikia nyuki kwenye stroberi zangu, nikajua kwa mara ya kwanza siku ile kwamba naogopa.

Ikafika saa nane kamili.

Sijui Karani alilipata wapi neno la siri, au kama hakuwahi kulihitaji, lakini aliamka. Taa zote zikawaka mchana kweupe. Wimbo wa kuzaliwa ukalipuka kutoka kila spika. Mota ya mlingoti, iliyokwisha kupoa, ikanguruma, na bendera ikapanda polepole mpaka juu kabisa. Na mapazia yakafunguka yenyewe, kushoto na kulia, na katikati ya dirisha akaonekana Bi Dagny kwenye kiti chake, nywele zake mpya, kiatu kimoja mkononi.

Jonna aliketi kwenye saladi. Egon alipiga magoti, mtu ambaye hajaingia kanisani tangu abatizwe. Preben alisimama, akafungua mdomo, na maua yakamponyoka moja moja.

Wote walikuwa wanamtazama Mama, kisha bendera, kisha Mama. Mimi nilimtazama machoni tu. Yeye hakumtazama Preben. Alinitazama mimi, halafu akainamisha uso.

Svend-Aage ndiye aliyejikusanya kwanza. Alitembea mpaka dirishani, amenyooka kama yuko mkutanoni, mkono mmoja fomu yangu tupu, mkono mwingine karatasi ya Preben.

"Bi Dagny," akasema, akilazimika kuushinda wimbo. "Kwanza, hongera kwa siku ya kuzaliwa. Pili, kuhusu ule mti wa cheri tutaongea. Tatu, kwa kuwa uko hai, chama kinakuuliza. Kati ya karatasi hizi, ipi ndiyo neno lako?"

"Nipe kalamu," akasema Mama.

Akampa. Watu wote walisogea. Preben alisema, "Mama, unakumbuka ulichoniahidi," na sauti yake haikuwa na hila, ilikuwa na ombi.

Mama aliishika kalamu juu ya fomu yangu. Ulikuwa mkono uleule ulionikamata garini kwa nguvu za fundi bomba. Wino uligusa karatasi, ukaacha kijidoti. Hakuendelea.

"Siwezi kuandika kabla hajajua," akasema. Akaiweka kalamu kwenye ubao wa dirisha. "Vibeke, mwanangu. Ingia ndani, ufunge mlango. Kuna jambo la Machi sikukuambia, na ukishalisikia huenda hutaitaka hii sahihi."

"Mama, nyamaza," akasema Preben.

Nikapanda ngazi. Kwenye mlango nilipangusa viatu, sijui kwa nini. Nikaingia, nikafunga, na nje wimbo wa kuzaliwa ukaanza upya. Mengine, wapenzi, wiki ijayo.